Ati Waliambiwa Vibaya

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu husema kuku wetu akitaga mahali pageni, mimi nitataka kujua alikuwa anamficha nani. Anacheka akisema hivyo, lakini hacheki sana, kwa sababu amekaa na mimi miaka ya kutosha na ameona ni mara ngapi mambo yaliyoitwa bahati mbaya yalikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana sikuwahi kupatana na jirani yangu kuhusu vita.

Jirani mwenyewe ni mama mjane. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa, wakanunua kipande hapa nje ya Kitale, upande wa barabara ya Suam, na yeye akazaliwa hapa hapa. Nyumba yake iko njiapanda, yangu iko nyuma yake, katikati ni ua wa michongoma. Anauza maziwa. Tena yeye ndiye mwakilishi wetu wa Nyumba Kumi, yaani serikali imempa macho ya mtaa: akiona mgeni asiyeeleweka au kelele isiyo ya kawaida, anapiga simu kwa naibu wa chifu au kwa mheshimiwa wetu wa wadi, yule tuliyempigia kura. Kazi haina mshahara. Ina jaketi moja la kung'aa, basi.

Ugomvi wetu ulianza na redio. Jioni moja nikiwa kwenye ua nangoja maziwa, redio yake ilikuwa inazungumza juu ya ile vita ya Uarabuni, ile ambayo wakubwa wa dunia walisema mtawala fulani ameficha silaha za kumaliza watu. Wakaenda, wakapiga, wakapekua kila shimo, na silaha zenyewe hazikuonekana. Miaka imepita na watu bado wanabishana kama wale wakubwa walidanganya au walidanganywa.

Jirani akaniambia, "Mimi siwahukumu. Waliambiwa vibaya. Wapelelezi wao waliwaletea habari mbovu, sasa kiongozi angefanya aje? Ana macho ya kuona mpaka huko?"

Nikamwambia, "Mama, mtu akikuuzia maziwa yenye maji utajua?"

"Nitajua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitaonja."

"Haya. Hao hawakuonja. Walikuwa na haraka ya kunywa."

Akatikisa kichwa. "Jirani, wewe una roho ngumu." Na akanipimia maziwa yangu, akaongeza kidogo juu kama kawaida yake, ili nisifikiri amekasirika.

Sikumlaumu kwa mawazo yake, maana nilijua yalikotoka. Katika mwaka mmoja wa uchaguzi, zamani, nyumba ya wazazi wake ilichomwa. Aliyekuwa kiongozi wa hapa wakati huo aliambiwa mapema kwamba kuna watu wanajipanga. Akasema tusiharakishe, tungoje tupate hakika. Hakika ilikuja na kiberiti. Kwa hiyo jirani yangu, kiongozi anayeharakisha akakosea anamwona afadhali kuliko anayengoja akawa sahihi. Nami nilikuwa nikimsikiliza naona ana haki yake, lakini moyoni nasema, mama, wewe umeumwa na nyoka, sasa hata unyasi unaukimbia.

Basi ukaja mwaka ambao uchaguzi uliangukia mwaka wa tohara.

Kwetu Bungoma tohara huwa Agosti, mwaka mmoja ndio, mwaka mmoja hapana. Kijana hazunguki kwa watu kimyakimya kuwaalika. Anafungwa shanga kifuani, anashika njuga za chuma mikononi, anazipiga akiimbiwa na kundi la vijana na akina mama, na hao wanaomsindikiza wanabeba fimbo na matawi. Na siku moja kabla ya kisu, lazima afike kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba anachinja fahali, anamkaripia kijana mpaka amtie hasira, kisha anamvika shingoni nyama ya kidari. Sisi tunaiita luliki. Anakimbia nayo nyumbani, na alfajiri anasimama mbele ya watu akatwe. Anasimama wima. Akipepesa tu jicho, atachekwa mpaka azeeke.

Mjomba ni mimi. Dada yangu ameolewa Bokoli, na mwanawe wa kwanza ndiye alikuwa anaingia mwaka ule. Zamani wangekuja kwa miguu, lakini kutoka Bokoli mpaka Kitale nani atatembea siku hizi? Wakakodi lori. Mimi nikafunga fahali mbele ya nyumba tangu jana yake, nikaalika watu. Nilimwalika hata mheshimiwa wa wadi. Si kwa cheo chake. Mheshimiwa ni mtu wetu wa Bungoma, na tulitahiriwa mwaka mmoja, mimi na yeye ni rika moja, na kwetu watu wa rika moja hata wakitukanana hakuna kesi. Aliniambia kwa simu, "Bana, nitajaribu. Nikikosa, unitolee mguu wa ng'ombe."

Kura ilikuwa imebaki wiki moja. Upepo wenyewe ulikuwa mbaya. Watu walikuwa wameanza kupeleka vitu vyao kwa jamaa, usiku mbwa akibweka kila mtu anashika panga. Wale wa familia zilizotoka mkoa wa kati walisema sisi tunajipanga. Sisi tulisema wao wanajipanga. Nikikaa dukani kwangu, pale ninapouza mbegu na dawa za mifugo, nilikuwa nikiona wateja wa miaka mingi wakisalimiana kwa meno tu.

Asubuhi ya siku ile nilisikia nyimbo kutoka njiapanda, nikamwambia mke wangu, wamefika. Lori lingewashusha njiapanda ili waingie kwa miguu, wakiimba, kijana aonekane. Nikaingia ndani kuvaa kofia yangu ya ujomba. Nilipotoka nje, nyimbo zilikuwa zimekatika, na zilikatika vibaya, katikati ya neno. Halafu nikasikia mawe juu ya mabati.

Nilikimbia. Sijui nilipitaje michongoma. Nikakuta vijana wa steji ya bodaboda wamelaza magogo barabarani, wengine wananijua kwa jina, wananunua dawa kwangu, na wanarusha mawe huku wakipiga kelele ati hawa wa lori wamekuja kutuchoma. Wasindikizaji walikuwa wametawanyika kwenye mahindi. Akina mama wamejificha chini ya lori.

Mpwa wangu alikuwa amesimama peke yake katikati ya barabara, anapiga njuga.

Hakukimbia, kwa sababu kwa mwezi mzima alikuwa ameambiwa jambo moja tu: usikimbie. Watu wa kwao walimtisha kwa makelele, wakamtupia matope, wakamwonyesha kisu, ili azoee kusimama. Aliona mawe akafikiri labda hii nayo ni ya mjomba, ndivyo wajomba wa Kitale wanavyofanya. Aliniambia hivyo baadaye mwenyewe. Jiwe lilimpata jicho la kushoto, na bado alisimama. Mungu wangu. Aliendelea kupiga njuga mpaka nilipomshika mkono.

Jicho halikupona. Tulilala naye hospitali, na kesho yake wenzake wakaenda mtoni kupakwa matope ya tohara bila yeye. Nilimletea luliki pale wodini, imefungwa kwa gazeti, sista akanifukuza ati nyama mbichi haiingii kwa wagonjwa. Tukagombana mpaka akalia yeye, nikalia mimi. Mwishowe sista akamruhusu kijana aivae kwa muda mfupi, amekaa kitandani na bandeji. Siku chache baadaye alitahiriwa na daktari, amelala chali, ametiwa ganzi. Mambo ya jicho kijana anayazungumza na mtu yeyote. Lakini ukimwuliza alitahiriwa wapi, anatoka nje.

Kura zikapigwa. Mheshimiwa akashinda. Alipata zetu za mazoea, na safari hii akapata na zile za familia za njiapanda, ambazo hakuwahi kuzipata tangu aanze siasa, kwa maana walisema huyu alitulinda. Weka hilo pembeni kidogo. Mimi sikuliweka pembeni hata siku moja.

Kwa sababu ilijulikana haraka ni nani aliyewatuma vijana wa steji. Mheshimiwa mwenyewe hakuficha. Alisema redioni kwamba alipata taarifa kuwa kundi la vijana wenye silaha limeshushwa njiapanda, polisi walikuwa mbali, akawaomba vijana wa mtaa wazuie barabara. Akasema amesikitika sana. Akasema taarifa ilitoka kwa Nyumba Kumi.

Hakutaja jina. Atalitaja la nini? Nyumba Kumi ni mtu mmoja.

Nilivyoona mtaa ukimgeukia yule mama, ah, sitaki kukumbuka. Watu wetu walisema ameuza damu ya mtoto. Watu wa kwao walisema amewachonganisha na majirani, kisha akawaacha na aibu. Maziwa yake yakakosa mnunuzi, akawa anawapa nguruwe wa mtu mwingine. Kanisani benchi lake likabaki na yeye peke yake. Asubuhi moja akakuta mtu amechora alama ya msalaba wa kulala kwenye geti lake kwa makaa, ile alama ambayo kila mtu wa huku anaijua, inayochorwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wanatakiwa wahame. Alichukua maji na sabuni akaisugua mwenyewe, mchana kweupe, watu wanapita.

Na mimi nilimshuku, mbona nisimshuku? Simu alikuwa nayo yeye. Woga alikuwa nao. Nilijiambia, huyu aliona fimbo akaona moto wa zamani. Kwa siku kadhaa nikanunua maziwa ya pakiti, nikipita getini kwake naangalia upande mwingine. Lakini kitu kilikuwa kinanikera. Yule mama amekaa na sisi maisha yake yote. Ameona Agosti ngapi? Akina mama zetu wakiimba, yeye anajua mpaka kiitikio. Mtu kama huyo atakosea luliki na vita?

Nikaenda nikamwuliza, kwa hasira, nimesimama, sikukubali kiti. "Ulimwambia nini?"

Akaniangalia. "Nitasema mbele yake."

"Si uniambie mimi? Mimi ndiye mwenye mtoto."

"Nikikuambia wewe hapa, kesho watasema tumepanga. Nitasema yeye akiwa hapo, na watu wakiwa hapo." Akajifunga leso vizuri. "Na sitaki pole, jirani. Sitaki anilipe maziwa yangu. Nataka mheshimiwa aseme mbele ya watu kwamba mimi sikudanganya. Hilo tu. Akisema, nitakaa hapa. Asiposema, nitauza nihame, kwa sababu siwezi kufuta geti kila asubuhi."

Wiki hiyo nilikutana na dada yangu Bungoma mjini, alipomleta kijana kwa daktari wa macho. Tulikaa kwenye benchi la nje, kijana amevaa miwani nyeusi, anachezea simu kwa jicho moja. Nikamweleza dada alichosema yule mama. Alinikata kabla sijamaliza.

"Kaka, huyo mama usimtaje kwangu."

"Sijasema umsamehe. Nasema bado hatujui aliyosema."

"Alipiga simu ama hakupiga?"

"Alipiga."

"Basi! Si ndiyo hiyo? Angenyamaza, mtoto wangu angekuwa na macho mawili." Akashika mkono wa mwanawe, akauachilia. "Huo mkutano wenu nitakuja. Lakini nakuja kumwangalia yeye. Nataka kuona kama anaweza kuniangalia."

Mkutano ulikuwa wa mheshimiwa. Aliuita mkutano wa uponyaji, ukafanyika kwenye ukumbi wa kanisa letu, na mchungaji akiwa mwenyekiti. Kulikuwa na soda, kulikuwa na viti vya kukodi, kulikuwa na kijana wa kamera. Nikaona ile kamera nikasema, haya, tumeletwa kupigwa picha tukipona.

Dada yangu alikaa mbele na mwanawe. Mama jirani alikaa upande wa pili, karibu na ukuta, viti viwili kila upande wake vikiwa vitupu.

Mheshimiwa anajua kuongea, hilo usimnyime. Aliinama kwanza kwa kijana, akamshika bega. Kisha akasema, "Wazazi wangu, siku ile sikuota ndoto. Nilikuwa na taarifa. Ililetwa na mtu ambaye kazi yake ni kuleta taarifa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ningekaa nikingoja, na nyumba zikachomwa, leo mngekuwa mnaniuliza nilikuwa wapi. Si ndiyo?"

Watu wakasema, "Ndiyo." Hata mdomo wangu ulitaka kuitikia, nikauziba. Kwa sababu ni kweli. Mtu akishika madaraka, atahukumiwa kwa nyumba zilizoungua, na zile ambazo hazikuungua hakuna atakayemshukuru.

"Kwa bahati mbaya," akaendelea, "taarifa ilikuwa na kasoro."

Vichwa vyote vikageuka ukutani.

Nikasimama. Mke wangu alinivuta koti, nikalitoa mkononi mwake. "Mheshimiwa, si nilikualika? Siku ile ile, fahali yule yule?"

Akacheka kidogo. "Bana, mwenzangu, Agosti nimealikwa boma ngapi? Hata kwa mama yangu mzazi sikufika." Watu wakacheka naye. "Ningejuaje hilo lori ni lako?"

"Kwa kuniuliza. Wiki ile ulinipigia simu kunikumbusha nitoke mapema kupiga kura. Nambari yangu haikuwa imepotea."

Kicheko kikaisha. Akajifuta uso. "Mwenzangu, wakati wa hatari mtu hana nafasi ya kupigia simu kila mtu."

"Lakini vijana wa steji ulipata nafasi ya kuwapigia."

Mchungaji akasema tuheshimiane. Nikasema mimi nimemheshimu, nimemwuliza tu. Hapo mama jirani akainuka pale ukutani. Hakwenda mbele. Aliongea kutoka pale pale, na sauti yake ilianza chini, tukalazimika kunyamaza ili tumsikie.

"Mimi nilipiga simu," akasema. "Sijakataa. Nilisema, mheshimiwa, kuna lori imeshusha vijana hapa njiapanda, wako wengi, wana fimbo na matawi, wanaimba. Nikasema lakini naona hawa ni wa tohara, kwa sababu kwa jirani kumefungwa ng'ombe tangu jana. Nimepiga tu ili uambie vijana wa steji wasishtuke, maana wamekaa vibaya. Hivyo ndivyo nilisema."

Kijana wa kamera aliteremsha kamera yake.

"Akaniuliza, una hakika ni wa tohara? Nikasema, hakika ni ya Mungu, mheshimiwa, lakini mimi naona hivyo. Akasema, kama huna hakika, hiyo ya tohara wachana nayo. Niambie tu wana fimbo ama hawana. Nikasema wanazo. Akasema asante mama, akakata."

Nilikaa chini. Si kwa huzuni, kwa hasira. Kwa hiyo mbovu haikuwa ile habari. Habari ilifika nzima, na ng'ombe wake, na onyo lake, na jirani wake. Ilikatwa kule ilikofika. Kilichomfaa mheshimiwa kikachukuliwa, kilichobaki kikaitwa kasoro, na kasoro ikapewa yule aliyeleta. Nikawakumbuka wale wakubwa wa mbali, na naapa sitamsikiliza tena mtu anayeniambia waliambiwa vibaya mpaka kwanza nijue waliuliza nini.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mama, sikatai kwamba tuliongea. Lakini wewe mwenyewe ulisema huna hakika."

"Nilisema hakika ni ya Mungu. Si ndivyo tunavyoongea sisi watu wa kanisa? Hata ukiniuliza kama kesho nitakamua ng'ombe, nitakuambia Mungu akipenda. Na bado nitakamua. Wewe umezaliwa wapi usijue hilo?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Aki ya nani!" Mwingine akamwambia nyamaza. Mheshimiwa alitazama mchungaji, mchungaji akatazama Biblia yake.

Sijui mpaka leo kama alikusudia. Nasema kweli. Kuna siku nadhani alihesabu kura za njiapanda kabla ya simu ile kukatika. Kuna siku nadhani aliogopa tu, na mtu aliyeogopa anasikia fimbo, hasikii ng'ombe. Lakini naona zote mbili zinafika pale pale, barabarani, kwa kijana mmoja anayepiga njuga.

Mama jirani bado alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, mimi nina ombi moja. Sema mbele ya hawa watu kwamba sikudanganya."

"Mama, wote tulikosea."

"Sikuuliza wote."

"Mambo yalikuwa mengi siku ile. Kila mtu ana mapungufu yake. Leo tumekuja kupona, tusirudi kwenye vidonda." Akaanza kutembea kumwendea, mkono mbele, na kijana wa kamera akainua kamera yake haraka. "Tushikane mikono, mama. Tusonge mbele."

Hakuupokea. Mikono yake aliiweka nyuma kama mtoto wa shule. "Sema tu, mheshimiwa. Ni neno dogo."

Akabaki na mkono wake hewani. Niliona akifikiri. Niliona kabisa, maana ni mtu wa rika langu na namjua tangu akiwa na kamasi: akisema kwamba huyu hakudanganya, basi kuna mtu mwingine hapo ndani aliyedanganya, na watu watamtafuta ni nani. Akatabasamu. Akamgeukia mchungaji akasema, "Mchungaji, tufunge kwa maombi."

Mchungaji akasema tusimame. Viti vikapiga kelele. Watu walikuwa wanasimama, wengine wameshafumba macho, na mama jirani akainama kuchukua mkoba wake chini. Nilijua maana yake. Alikuwa anaenda kuuza.

Ndipo dada yangu akaondoka mahali pake. Alipita katikati ya ukumbi, akampita mheshimiwa bila kumtazama, akafika kule ukutani. Nikaogopa. Nilijua mkono wa dada yangu, na nilijua amekuja na nini moyoni. Nikaanza kusukuma watu nimfikie.

Alisimama mbele ya yule mama, karibu sana. Wakatazamana.

"Mtoto ni wangu," akasema, kwa sauti ambayo hata walioko nje walisikia. "Jicho ni la mtoto wangu. Mimi ndio nasema. Mama, wewe hukudanganya."

Mchungaji alikuwa ameshaanza Baba yetu, akanyamaza. Mama jirani akaangusha mkoba, akajifunika uso kwa leso, akalia, mara ya kwanza tangu Agosti, na dada yangu akavuta kimoja cha vile viti vitupu akaketi kando yake.